Okota, Shemeji

Kinyozi alikuwa na dawa ya kila kitu, na dawa yenyewe ilikuwa maneno. Ungekaa kwenye kiti chake kutaka kupunguza nywele tu, ukainuka umeshauriwa juu ya mgongo, juu ya ndoa, juu ya bati linalovuja na juu ya namna ya kumjibu msimamizi wa zamu kule kiwanda cha nyuzi. Watu walimvumilia kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi. Mdomo ndio mzito, walisema, ukikushukia, huinuki.

Basi siku shemeji yake alipoingia dukani akasema ameandikishwa kucheza mashindano ya gofu Jumamosi ile, ya kwanza maishani mwake, Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Wewe? Kombe la kiwanda?"

"Kapteni kaniandika. Kasema kama siku za kawaida naweza, Jumamosi itanishinda nini?"

"Jumamosi ni mnyama mwingine, shemeji. Kaa hapo nikwambie."

"Na mimi je?" akauliza mteja, kichwa nusu kimevunwa, nusu bado shamba.

"Kichwa chako kinakwenda wapi? Subiri."

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, mshonaji mwenye chumba cha cherehani nyuma ya soko. Gofu ilimjia kwa njia ya nyuma. Aliitwa ashone bendera za kuchomeka kwenye mashimo, akazipeleka, akamkuta Kinyozi anafanya mazoezi, akamwomba fimbo ajaribu kwa mzaha. Mpira ukaondoka kama umeitwa na mtu. Tangu siku hiyo Kinyozi alimfundisha, na alimfundisha kwa moyo mweupe, tumwandikie haki yake. Hakumficha kitu. Alimpa hata fimbo zake za zamani, akamfungia vishikio upya kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwanza, usile ukashiba," akamwambia sasa. "Tumbo likijaa, kiuno hakizunguki."

"Sawa."

"Wala usiende na njaa. Tia ndizi mfukoni. Halafu mpira wako uutie alama ya kalamu, maana mipira yote ni mapacha, na ukipiga wa mwenzako umejiletea balaa. Chukua na mingine ya akiba, lile korongo la shimo la tatu halirudishi kitu. Pale pa kuanzia watu wote watakukodolea macho. Usipige kwa hasira. Piga kama unavyokata kitambaa cha mteja mkali."

"Hapo nimekupata."

"Na mwenzako anapopiga, unanyamaza. Kimya kabisa."

"Hilo wewe utaliweza, shemeji?"

Mteja alicheka mpaka shuka la kunyolea likamvuka shingoni. Kinyozi naye akacheka, akamwelekezea mashine kama bunduki. Ilikuwa asubuhi njema. Baadaye alikuja kuikumbuka asubuhi hiyo kama mtu anavyoikumbuka afya.

Uwanja wenyewe haukuwa wa kujivunia. Mabwana wakubwa wa kiwanda wa zamani waliuchonga nyuma ya maghala ili wapate pa kunyoosha miguu, wakaondoka, ukabaki kwa wafanyakazi na watu wa mjini. Mashimo tisa tu. Kule kwenye mashimo hapakuwa na majani laini kama kwenye picha. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mitambo, upepo usiupeperushe. Waliliita grini kwa heshima, ingawa lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria. Pembeni ya kila grini kulikuwa na kipande cha zulia kuukuu chenye kamba. Ukishamaliza, unalikokota zulia kufuta nyayo zako, wanaofuata wakute mchanga laini.

Na kwa kuwa watu walicheza baada ya king'ora cha zamu, jua limeinama, na kundi la nyuma linapiga miluzi, walikuwa na desturi yao. Mpira wako ukisimama karibu na shimo kuliko urefu wa kishikio cha fimbo, mwenzako anakwambia, "Okota." Unahesabu mkwaju mmoja kama vile umeutia, unaokota, unakokota zulia, safari inaendelea. Mshonaji alijifunzia humo. Kwake yeye, okota ilikuwa sehemu ya gofu kama mpira na shimo.

Lakini siku ya mashindano hakuna okota. Kapteni wa klabu, mama mtu mzima aliyekuwa pia msimamizi wa stoo ya kiwanda, alisimama Jumamosi ile kwenye ngazi ya baraza akaitangaza sheria kama anayesoma majina ya maiti.

"Leo kila mtu anamaliza mpira wake hadi uzame shimoni. Hata ukiwa umebaki unywele. Ukiokota bila kumaliza, bado una mlango: rudi, uuweke palepale, jiongezee mkwaju wa adhabu, umalize. Ukishapiga mpira wa kuanzia shimo linalofuata, mlango umefungwa. Umetoka mashindanoni. Hakuna cha samahani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Mgeni wetu yuko wapi? Yule mshonaji?"

"Chooni," akajibu dereva wa lori la kiwanda, aliyeitwa Bila Breki, jina la mdomo wake na si la lori. "Safari ya tatu hii. Tumbo la mashindano."

Watu wakacheka. Kinyozi akainua mkono. "Mwacheni. Nitamwambia mimi. Yule ni mtu wangu."

Na alipolisema hilo, alilikusudia. Mshonaji alirudi mifuko ya sketi imejaa mipira, anatembea kama kuku aliyemeza shanga, na Kinyozi akacheka, akamwambia habari za upepo, akamwambia afunge kamba za viatu mara mbili, akamwambia asimtazame mtu yeyote usoni pale pa kuanzia. Kisha wakaitwa. Alimwambia yote ila hilo moja.

Walipangwa watatu: Kinyozi, Mshonaji na Bila Breki. Kwa desturi ya mchezo kila mmoja hushika kadi ya mwenzake na kumwandikia mikwaju yake, na kadi ya Mshonaji ikawa mikononi mwa Kinyozi.

Mpira wa kwanza wa Mshonaji ulikwenda chini chini kama panya, lakini ulikwenda mbele. Wa pili ukapaa. Kufika shimo la tatu alikuwa amesahau kuogopa. Alipiga kama anavyoshona, bila pupa, anausogelea mpira, anapima, anashusha fimbo. Alivuka lile korongo bila kupoteza kitu, wakati Kinyozi, aliyeonya watu wote juu ya korongo, alilizawadia mipira miwili.

"Duh!" Bila Breki akapiga kofi. "Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini leo kinyozi mwenyewe ndiye ananyolewa!"

"Cheza mpira wako, bwana."

"Wangu uko majanini unapumzika. Mimi nimekuja kutazama sinema."

Kinyozi alicheka. Akacheka na shimo la nne. Kwenye la tano kicheko kilianza kumkauka. Ngoja niseme kilichokuwa kinamkereketa, maana bila hicho utamwona mtu mbaya tu, na hakuwa mbaya. Kwenye ukuta wa baraza la klabu palikuwa na ubao wa washindi, majina kwa rangi ya dhahabu, mwaka kwa mwaka. Kinyozi alikuwa amenyoa karibu vichwa vyote vilivyoandikwa juu ya ubao ule. Alivijua makovu yake, vidonda vyake, mahali nywele zinapokimbilia. Jina lake yeye halikuwapo. Kila mwaka alikaribia, na kila mwaka kitu kilimteleza mkononi. Mwaka huu alikuwa anacheza vizuri, ukiacha lile korongo. Akapiga hesabu kimoyomoyo: mgeni hupunguziwa mikwaju mingi ili asionewe, na kwa huo msamaha, Mshonaji alikuwa anamtangulia.

Kwenye mashimo yote yale hakuna aliyesema okota. Mshonaji alimalizia mwenyewe hata vipira vya kusukuma kwa ukucha, akidhani wenzake leo wameamua kuwa wabahili.

Wakafika shimo la saba. Grini yake iko nyuma ya kilima, hupaoni mpaka upande. Bila Breki alikuwa amepotelea kichakani upande wa pili, anaukemea mpira wake kwa majina. Pale grini walikuwa wawili tu. Kinyozi alikuwa na mpira mfupi wa kutia. Akausukuma, ukazunguka mdomo wa shimo kama nzi kwenye kikombe, ukakataa kuingia. Akautia kwa mkwaju wa pili. Damu ikampanda. Mshonaji akapiga wake kutoka mbali, kutoka ukingoni kabisa, na ule mpira ukaja, ukaja, ukasimama kiganja kimoja kutoka shimoni.

"Okota, shemeji," Kinyozi akasema.

Lilitoka kama chafya. Aliapa baadaye, na naamini alisema kweli, kwamba neno lile hakulipanga. Mdomo ulizoea. Mshonaji akasema, "Ahsante, leo mlikuwa mmeninyima," akaokota, akaufuta mpira kwa upindo wa sketi, na Kinyozi akakokota zulia juu ya nyayo zao wote wawili.

Njia ya kwenda shimo la nane hupita nyuma ya nyumba ya pampu. Ndipo palipomkuta. Pampu ilikuwa inaunguruma, maji yanavuja kwenye bomba, Mshonaji yuko mbele yake anacheka sauti ya Bila Breki kichakani, na Kinyozi akasimama. Sheria yote ilimrudia, pamoja na ngazi ya baraza na sauti ya Kapteni. Mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu: "Shemeji, turudi." Mshonaji angeongezewa mkwaju mmoja, angeusukuma ule mpira wa kiganja, mambo yangekwisha. Na hata kwa mkwaju huo wa adhabu, asingeachwa nyuma sana. Alikuwa bado na nafasi.

"Unamsikia?" Mshonaji akageuka. "Anautukana mpira mama yake!"

"Namsikia," Kinyozi akasema, na akacheka.

Wakaendelea kutembea. Aliuambia moyo wake atasema wakifika. Walipofika, akauambia atasema Mshonaji akishachomeka mpira. Akauchomeka. Akasimama. Akajipima. Kinyozi alifungua mdomo, mdomo uleule ambao haukuwahi kukosa neno kwa kiumbe chochote, likamjia somo lake mwenyewe: mwenzako anapopiga, unanyamaza. Alinyamaza. Mpira ukaruka, mzuri, ulionyooka, na mlango ukafungwa.

"La saba niandikie ngapi?" Mshonaji akauliza, bado anautazama mpira wake.

"Nne," akasema Kinyozi. Akaandika nne.

Bila Breki, aliyemalizia la saba peke yake nyuma yao, akatokea na miba kwenye soksi. "Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu," Kinyozi akamjibu.

Mashimo mawili yaliyobaki alicheza kama hajawahi kucheza. Ajabu ya mambo hayo: ulipotaka mpira uingie ulikukataa, sasa hutaki hata kuutazama, unaingia wenyewe.

Barazani watu walikuwa wamejaa viti, viatu vimevuliwa, soda zinapita. Kapteni alikaa nyuma ya meza na kalamu nyekundu, kadi zinamfikia moja moja. Kinyozi alikuwa amejiwekea ahadi kwamba hapo mezani, kabla ya kutia sahihi, atasema. Lakini wazo lingine lilikuwa limeshamwingia, na lilikuwa wazo tamu. Akinyamaza, Mshonaji atalichukua kombe. Si ndiyo itakuwa fidia? Kama kwa kunyamaza alimchimbia shimo, kwa kunyamaza atalifukia. Nani ataumia? Atakayeumia ni yeye mwenyewe, mshindi wa pili kama kawaida yake. Akatia sahihi. Mshonaji akatia yake, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, ulimi nje.

Kapteni akaipokea kadi, akaipitia kwa ncha ya kalamu, nyusi zinapanda. "Mama yangu wee. Na hili la saba, nne? Hapo ndipo watu wazima huniletea machozi."

"Wala nisingezipata," akasema Mshonaji, uso unamwaka kwa furaha. "Shemeji ndiye alinihurumia. Ule wa mwisho alinipa, akaniambia okota."

Kalamu ikasimama.

"Alikupa?"

"Ulikuwa hapa tu." Akaonyesha kwa kiganja.

Viti vilivyokuwa karibu vikageuka, kisha vya mbali. Kapteni hakumtazama Mshonaji, alimtazama Kinyozi. "Wewe si ulisema utamwambia?"

Sasa hapo palikuwa na majibu mawili, na Kinyozi aliyaona yote kama nyembe mbili zilizolala kwenye trei. Akachukua ule usiokata.

"Nilisahau," akasema. "Mazoea, Kapteni. Lilinitoka tu."

Na watu wakapumua. Maana nani hajui mazoea? Mazoea yana taabu, mmoja akasema. Mwingine akasema hata yeye mwaka juzi aliponea tundu la sindano. Wakamhurumia Kinyozi! Mmoja alimpiga bega. Kapteni akapiga mstari mwekundu juu ya kadi ya Mshonaji, kutoka kona hadi kona.

"Yaani yote?" Mshonaji akauliza. "Hata mashimo yale mengine?"

"Yote, mwanangu. Pole. Na pole si sheria."

Mshonaji akaufuata ule mstari kwa kidole. Kisha akajikusanya, akamgeukia Kinyozi, akatabasamu kwa midomo tu. "Usijali, shemeji. Ungejuaje."

Ungejuaje! Angelimpiga kofi mbele ya wote, lingeuma kidogo kuliko neno hilo.

Na bado hayakwisha. Kapteni akazipanga upya zile kadi, akanong'ona namba, akainuka na kombe. Na aliyebaki juu, baada ya Mshonaji kutolewa, kwa mkwaju mmoja, alikuwa Kinyozi.

"Kufa kufaana!" Bila Breki akapaza sauti, na baraza zima likaangua kicheko, kwa kuwa ulikuwa mzaha. Kinyozi akaenda mbele. Miguu ilimpeleka. Kombe lilikuwa jepesi kuliko alivyofikiri, bati tu lililopakwa rangi. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa shemeji yake.

Nyumbani mkewe aliliweka juu ya kabati, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Hongera, baba watoto. Na mdogo wangu je?"

"Katolewa."

"Na nani?"

"Na sheria."

Mkewe akageuka akamtazama kidogo. "Sheria," akasema, na akaenda kuanua nguo. Hakuuliza tena. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kwa yeye kujua kwamba mumewe akijibu kwa neno moja, pana neno lingine limekaliwa.

Wiki ile duka lilijaa. Watu walikuja hata ambao nywele zao hazijaota, wampe mkono tu. "Simulia la tisa, ilikuwaje?" Akasimulia. Halafu wote, kila mmoja, wakafika palepale: "Na yule shemeji yako, maskini, mdomo wako ulimponza!" Wakacheka, naye akacheka, na kila alipocheka alijisikia yuko nyuma ya nyumba ya pampu. Alimkata mteja sikioni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ajifunze kazi. Alianza kunyoa kimya. Mteja mmoja akamuuliza kama anaumwa meno.

Kisha akaja mchora mabango, kofia imejaa madoa ya rangi.

"Bosi, nimetumwa na klabu. Jumamosi napanda ngazi nikuandike ubaoni. Niandike jina zima au la mkato?"

Kinyozi alikuwa amelisubiri swali hilo nusu ya umri wake. "Rudi kesho," akasema.

"Jina lako hulijui?"

"Nimesema rudi kesho, bwana!"

Mchana akafunga duka akaenda nyuma ya soko. Chumba cha Mshonaji kilikuwa na joto la pasi na harufu ya kitambaa kipya. Sare za shule zilining'inia ukutani, mikono imekunjuka. Yeye alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni, mguu kwenye kanyagio.

"Shemeji mshindi," akasema kupitia pini. "Karibu. Sukuma hizo kaptula ukae."

Hakukaa. "Nina neno."

"Wewe? Moja tu?"

"Sikusahau."

Cherehani ikaenda mishono michache zaidi, ikasimama. Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake.

"Niliposema okota, lilinitoka, haki ya Mungu," Kinyozi akasema. "Lakini nilikumbuka. Kabla hujapiga la nane. Ningekwambia ungerudi ukamalizia. Nikanyamaza."

"Ulikumbukia wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya pampu."

Alifikiri. "Mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

"Ulikuwa unamcheka Bila Breki."

"Na wewe ukacheka."

"Nikacheka."

"Nilikusikia." Akakipapasa kile kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka. "Kwa nini?"

Kinyozi alikuwa na jibu refu. Alikuwa amelitunga njiani, lina ubao ndani yake, lina miaka, lina korongo. Lilipofika kooni likawa fupi. "Ulikuwa unanishinda."

"Basi?"

"Basi."

Nje mtu alikuwa anabishana na muuza vyombo juu ya kifuniko kisichoenea. Mshonaji alisikiliza ugomvi ule mpaka mwisho.

"Umemwambia dada?"

"Bado."

"Kapteni?"

"Nimeanza na wewe. Nimeona wewe ndiye niliyekukosea. Nisamehe, shemeji. Kombe nitakuletea hapahapa, likae kwako, mimi..."

"Nilifanyie nini? Nilitie vifungo?" Sauti yake haikupanda, lakini alisimama, na kwa mara ya kwanza Kinyozi aliona kwamba alikuwa amelia siku zilizopita, na si mara moja. "Mimi nilitolewa mbele ya watu, shemeji. Mstari mwekundu, kona mpaka kona, na baraza zima linatazama. Wateja wangu wananiita Okota. Mtoto wa shule kaja kupimwa sare, ananiita Mama Okota! Nimecheka nao wote. Halafu wewe unakuja kuungama hapa, nyuma ya cherehani, nikusamehe mimi na pasi yangu, kisha ukanyoe watu kwa amani?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha hivyohivyo. Nenda ukaseme palepale ulipopigiwa makofi. Ukirudi tutaona kama nina cha kukwambia."

Akakaa, mguu ukarudi kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza kulia. Kinyozi alisimama kidogo katikati ya zile sare, kisha akatoka.

Kinyozi alimwambia mkewe kabla hajavua viatu. Mkewe alimsikiliza akichambua mchele, hakuinua macho. Alipomaliza, mkewe akasema, "Lichukue hilo bati lako hapo juu ya kabati. Linanikwaza macho," na hayo ndiyo maneno yake yote hadi Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Ngazi ya mchora mabango ilikuwa tayari imeegemezwa ukutani na kopo la rangi ya dhahabu limefunguliwa. Watu walikuwa barazani, soda zinapita kama siku ile. Mshonaji alikuwako, nje, kwenye ile grini ya mazoezi mbele ya ngazi, anasukuma mipira peke yake, mgongo umeelekea baraza. Kinyozi alipanda na kombe limefungwa kwenye shuka la kunyolea.

"Mshindi huyo!" Bila Breki akaita. "Umelileta lioge?"

Kinyozi akalifungua akaliweka mezani mbele ya Kapteni. Alikuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo maneno yalikuja bila viatu.

"Nina la kusema, mlisikie wote. Kumwambia shemeji okota, nilipitiwa. Lakini kabla hajapiga la nane nilikumbuka. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwacha aufunge bila kujua, kwa kuwa alikuwa ananishinda. Halafu hapa mezani nikawaambia nilisahau. Nilisema uongo."

Hakuna aliyempiga bega. Bila Breki alifungua mdomo, akaitazama soda mkononi mwake, akaufunga. Labda ndiyo mara pekee jina lile lilimkosea. Mchora mabango akashuka ngazi polepole, akalifunika kopo lake.

Kapteni alilivuta kombe upande wake kwa kidole. "Kadi yake siwezi kuirudisha," akasema. "Sheria haina macho ya kutazama nyuma. Na wewe yako naifuta. Mwaka huu ubao utabaki na pengo, na kila atakayeuliza nitamweleza. Hutacheza hapa mpaka kamati ikae, na mimi kwenye kamati sitakuwa upande wako."

"Sawa, Kapteni."

"Mimi nilikuamini na mgeni."

"Najua."

Alishuka ngazi. Nyuma yake mazungumzo yakaanza tena, chini chini, kama maji yanayochemka. Alikwenda mpaka kwenye ile grini, akasimama mchangani, mikono haijui pa kukaa. Mshonaji alikuwa ameinama juu ya mpira.

"Nimesema," akamwambia.

"Nimesikia."

Akangoja. Alitamani aongeze neno, amweleze alivyojisikia, amwombe tena. Akalimeza. Mshonaji akautazama mpira, akalitazama shimo, akarudi kuutazama mpira.

"Sogea, shemeji," akasema. "Umesimama kwenye njia ya mpira wangu."

Kinyozi akasogea.